Barua ya mwisho wa muhula wa tatu: nawaomba mbadilishane watoto

Busia, Uganda

Kwa wazazi na walezi wote,

Salamu nyingi kutoka shuleni. Muhula wa tatu umefungwa. Ripoti mmezipata, au mtoto ameificha chini ya godoro, mwulizeni. Karo na tarehe ya kufungua zimeandikwa nyuma ya ripoti hiyo, kwa hiyo sizirudii hapa. Bweni la wavulana limepata paa jipya. Maji bado yanatusumbua, tutayazungumza kwenye mkutano.

Naandika kwa Kiswahili kama mlivyoniomba. Humu shuleni tuna Wasamia, Wateso, Waganda, na familia ambazo mama analala upande huu wa mpaka na baba anauza dukani upande wa Kenya. Barua ya Kiingereza huishia kusomwa na mtoto yule yule inayemhusu, naye hutafsiri anavyopenda.

Nina jambo moja kubwa. Watoto wa S4, yaani mwaka wa nne wa sekondari, wamemaliza UCE, mtihani wa cheti cha sekondari ya chini. Matokeo yatatoka mwakani, na S5 huchelewa kuanza kuliko madarasa mengine, hivyo wana miezi kadhaa ya kukaa nyumbani. Tena si wote watakaorudi darasani. Wapo ambao nyinyi wazazi mmeshaamua, kwa ajili ya karo au kwa sababu zenu, kwamba safari ya shule imeishia hapo. Hao ndio wananikosesha usingizi.

Mwezi wa tisa alinijia kijana aliyesoma hapa kuanzia S1 mpaka S6. Alitaka barua ya kumtambulisha kwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nikachukua kalamu, nikamwuliza, "Niandike kwamba unaweza kufanya nini?" Akajibu, "Chochote, mwalimu." Nikampigia mzee simu. Hata sikumaliza kumsifu kijana. "Mwalimu," akasema, "wa chochote ninao wanne hapa. Nataka mtu wa kuhesabu mabati na kumjibu mteja bila kununa."

Kijana huyo hesabu alikuwa anapata vizuri sana. Miaka sita tulimfundisha pembetatu za kila aina, lakini hakuwahi hata siku moja kuhesabu mali ya mtu mwingine, akakosea, akakaripiwa, akaanza upya. Lawama ya hilo naibeba mimi kwanza, lakini nanyi mtanisaidia upande mmoja wa mzigo.

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza na S1 mwaka 2020 ulikusudia kulitibu tatizo hili. Shule zilifungwa karibu miaka miwili kwa ajili ya korona, kwa hiyo kundi la kwanza lilifanya UCE mwaka 2024. Siku hizi asilimia 20 ya alama hutokana na kazi anazofanya mwanafunzi shuleni, na 80 hutokana na mtihani wa mwisho. Kila mwanafunzi pia ana mradi. Najua mnavyonung'unika: nimelipa karo ili mtoto afundishwe kupika sabuni? Mama mmoja aliniletea chupa ya sabuni hiyo ofisini, imeganda kama uji wa jana. Nikamwonyesha daftari la kundi la mwanawe. Walikuwa wamepiga hesabu ya malighafi, chupa na nauli, wakagundua kwamba chupa moja inawagharimu kuliko bei ya kuinunua dukani. Waligombana wiki nzima juu ya nani alinunua chupa ghali. Mama alicheka, akaondoka na sabuni yake. Hata hivyo nakiri kwamba mradi wa shule una mwalimu wa kukuonea huruma, na mteja wa sokoni hana huruma hiyo.

Kwa hiyo nawaomba mbadilishane watoto.

Simaanishi umchukue wako umpeleke dukani kwako. Nimeliona hilo mara nyingi: mtoto kwenye duka la baba yake ama anakuwa bosi wa wafanyakazi, ama anakuwa wa kufokewa mbele ya wateja. Mpeleke kwa mzazi mwenzako, nawe umpokee wa mwenzako. Wiki mbili au tatu tu, asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Mji wetu huu una mawakala wa forodha, maghala ya mahindi, gereji, mafundi cherehani, maduka ya dawa, saluni, matanuri ya mikate, zahanati. Karibu kila mlango wa kazi mjini una mzazi wa shule hii ndani yake.

Likizo ya Agosti tulijaribu na watoto wachache. Msichana wa S3 alikaa kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Alikwenda akidhani kazi ile ni kugonga mihuri. Alikuta kwamba tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe mwaka 2018, lori hukaguliwa mara moja tu, kwenye nchi linakoingia, na kwamba tarakimu moja ikikosewa kwenye hati, dereva analala njiani na mwenye mzigo anapiga simu usiku kucha. Alirudi akaniuliza kuhusu cheti cha Afrika Mashariki cha mawakala wa forodha, kinasomewa wapi na kwa muda gani. Nilimwomba anipe siku mbili. Ukweli ni kwamba hakuna mwalimu wangu aliyewahi kukitaja darasani, na mimi nikiwa mmojawao.

Mwingine alipelekwa kwenye tanuri la mikate. Siku ya kwanza alifika saa mbili asubuhi, safi, nywele amechana, akakuta mikate imeshauzwa na watu wanafagia. Siku ya pili alifika saa kumi na moja alfajiri. Mimi nimempigia kengele ya kuamka miaka mitatu bila mafanikio kama hayo.

Mmoja tulimkosesha. Alikwenda gereji, akageuzwa mchemsha chai na mfua maovaroli, siku ya tatu akaondoka. Baba yake alimlaumu mtoto. Mimi nasema kosa lilikuwa letu, kwa sababu hatukukubaliana na fundi mtoto atajifunza nini. Safari hii kila mwenyeji atataja kazi moja ambayo mtoto lazima aijue kabla ya kuondoka, hata kama ni kubadilisha oili na kuandika risiti. Chai atachemsha kwa zamu kama wengine. Mizigo mizito hapana, mashine za kukata hapana. Sheria ya watoto kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 inataka mtu awe na miaka 16 ndipo aajiriwe, na hii wala si ajira. Aliye chini ya umri huo atakwenda kutazama na kuuliza tu, kwa siku chache. Watoto watakwenda wawili wawili, na msichana hataachwa peke yake na mtu mzima kwenye chumba kilichofungwa. Nitapita mwenyewe kwa baiskeli, bila kutoa taarifa. Nauli na chakula cha mchana ni juu ya mzazi wa mtoto.

Kila mmoja atapewa daftari. Jioni ataandika mistari mitano: nimefanya nini, nimekosea wapi, nimeuliza nini. Mwenyeji atatia sahihi kila Ijumaa. Siku mtoto atakapoulizwa anaweza kufanya nini, atafungua daftari hilo badala ya kusema "chochote".

Sasa niseme na haya, ingawa wapo watakaonuna.

Wavulana wanatoroka kwenda kwenye mashimo ya dhahabu ya Tiira. Siku ya bahati mtoto hurudi na fedha zinazomfanya amwone mwalimu wake kuwa maskini wa akili. Siku nyingine kumi hazitajwi. Zebaki wanayoishika kwa mikono mitupu ili ikamate dhahabu, kisha wakaichoma, huingia mwilini kwa mvuke wake na kuharibu neva na figo. Haina harufu, ndiyo maana hawaiogopi. Na baadhi yenu mnawakopea pikipiki watoto ambao hawajafika umri wa leseni. Kazi ya boda boda siidharau. Jina lenyewe lilizaliwa hapa mpakani kwetu, enzi za baiskeli, na nawajua wazazi waliosomesha watoto wanne kwa pikipiki moja. Lakini mkopo wa pikipiki una tarehe ya kulipwa kila wiki, na mtoto wa miaka kumi na sita mwenye deni la kila wiki harudi shuleni tena. Sijaona hata mmoja aliyerudi.

Kuna na maneno haya, ambayo husemwa ofisini kwangu kila Februari: "Mwalimu, mwanangu hajafeli mpaka umpeleke ufundi." Mzazi anayesema hivyo huwa amemsubiri fundi wa friji siku tatu, akamlipa bila kubishana. Chuo cha ufundi cha Elgon kiko Mbale, si mbali. Cha Nakawa kiko Kampala na kinafundisha tangu miaka ya 1970. Hata aliyejifunzia gereji bila kukaa darasani anaweza kupimwa akapata kitabu cha kuthibitisha ujuzi wake, kile cha Worker's PAS, ambacho kwa miaka mingi kimetolewa na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, DIT. Sheria mpya ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2025 imebadilisha mpangilio wa bodi za mitihani, kwa hiyo kabla ya kulipa ada popote, ulizeni cheti chao kinatolewa na bodi gani. Wakishindwa kuwajibu, rudini nyumbani na fedha zenu.

Halafu majina. Naomba msome hapa polepole. Mwaka 2017 NIRA, mamlaka ya taifa ya usajili na vitambulisho, walisajili wanafunzi shuleni, na watoto wengi mlio nao leo S3 na S4 waliandikwa wakati huo wakiwa wadogo, wakijitamkia majina wenyewe. Matokeo yake ninayaona mezani. Msichana mmoja alikuwa na jina la baba mbele kwenye matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, jina la babu kwenye kadi ya chanjo, na kwenye usajili wa NIRA herufi moja imegeuka, R ikawa L. Kwa mama yake huyo ni mtoto mmoja. Kwa mwajiri ni watu watatu, na mmoja wao huenda ameiba vyeti. Kurekebisha baada ya cheti cha UCE kuchapishwa ni viapo, mihuri, safari na fedha. Kurekebisha kabla ya kusajiliwa UNEB, baraza la mitihani la taifa, ni kazi ndogo zaidi. Wazazi wa S3, likizo hii toeni karatasi zote za mtoto, mziweke mezani, mlinganishe herufi kwa herufi. Aliyefikisha miaka 16 anaweza kupata kitambulisho cha taifa. Asisubiri mpaka siku ya kuitwa kwenye usaili. Na barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, nayo iandikwe kwa majina hayo hayo.

Wapo pia mawakala wanaozunguka vijijini na ahadi za kazi za Uarabuni, wakiwalenga hasa wasichana waliomaliza S4. Kampuni halali ina leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Ombeni kuiona, kisha ulizeni wizarani kama bado iko hai. Anayetaka paspoti ya mtoto kabla ya kuonyesha mkataba, mleteni kwangu tunywe naye chai.

Chini ya barua hii kuna kipande cha kukata. Jazeni kazi mnayoifanya, mnaweza kupokea watoto wangapi, wiki ipi, na kazi moja mtakayowafundisha mpaka waijue. Msiandike "biashara", andikeni biashara ya nini. Kilimo nacho ni kazi, na wenye ng'ombe wa maziwa nawahitaji sana, kwa sababu nina wasichana watatu wanaotaka kusomea udaktari wa mifugo ambao hawajawahi kushika chuchu ya ng'ombe. Vipande vifike ofisini kabla ya Ijumaa ijayo. Karani yupo mpaka saa saba mchana.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule

Nyongeza: Mtoto asiende kwa mwenyeji na simu ya mama yake mfukoni. Na mwenye kamusi ya maktaba yenye jalada la bluu tafadhali airudishe, tunajua iko kwa nani.