Kwa mwanangu Kiprono: yule pofu mlimpata?

Njoro, Jumapili jioni

Mwanangu Kiprono,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako anakusalimu, mvua imeshika vizuri, na viazi vya shamba la chini vimeanza kutoa maua. Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu unanikatiza, nami nakasirika, tunaishia kuulizana habari za mvua. Chepkemoi atapiga picha kurasa hizi akutumie kabla hujavuka mpaka pale Namanga.

Ni juu ya ile video ya uwindaji wenu. Nimeitazama mara nyingi kuliko unavyodhani. Namwona mgeni, yule mwindaji aliyelipia safari, amelala kifudifudi, bunduki imesimama kwa miguu yake miwili ya chuma, namsikia mtu akisoma umbali kwenye kile kipimo cha leza: mia sita na kumi. Kisha mlio. Kisha kelele za furaha, na sauti moja kati ya hizo ni yako. Pofu dume, yule swala mkubwa, ng'ambo ya mbuga anajikunja, anageuka, anaingia kwenye miti ya miombo. Hapo video inakatika.

Mlimpata?

Nilikuuliza siku ileile. Ukanijibu kwamba zilikuwa mita mia sita na kumi na kwamba mgeni alikuwa hajawahi kupiga mbali hivyo. Hizo mita nilizisikia kwenye video. Nilichouliza ni kingine.

Usije ukadhani naichukia kazi yako. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji hapa Kenya mwezi wa Mei 1977, nilikuwa na miaka 21, mfuata nyayo wa kambi ya wawindaji, na nilidhani nimepata kazi ya maisha. Kambi ikavunjwa, hema zikauzwa, nikarudi Njoro na blanketi moja. Kwa hiyo uliponiambia umepata nafasi Tanzania ya kujifunza chini ya mwindaji bingwa, na kwamba siku moja utakuwa na leseni yenye jina lako, nilitoka nje nikasimama karibu na zizi mpaka uso ukakauka. Mama yako anajua. Sijawahi kukwambia kwa sababu hukuwahi kuuliza, na pia kwa sababu nilitaka usome ualimu, nikakusumbua miaka miwili mizima kwa hilo. Hiyo nayo iko.

Lakini hili la kupiga mbali limeninyima usingizi.

Nilimwendea mwalimu wa fizikia, huyu jirani yetu wa juu. Nikamwambia anifanyie hesabu ya risasi inayotoka kwenye bunduki kwa mwendo wa mita 900 kwa sekunde. Akaniambia hewa huipunguza kasi njiani, hivyo mita 600 itazimaliza kwa sekunde 0.8 hivi, au zaidi kidogo. Nikamuuliza, mnyama anayetembea taratibu, bila kushtuka, anasonga kiasi gani kwa muda huo? Mita moja. Sasa fikiri mwenyewe, kwa maana wewe umechuna pofu na mimi najua umechuna. Mita moja nyuma ya bega kuna nini? Umelenga mapafu, naye ameinua mguu kufuata jani moja, na risasi imeingia kwenye tumbo. Wala mgeni hakukosea kulenga. Alilenga vizuri mahali ambapo mnyama hayupo tena.

Halafu upepo. Mwalimu anasema upepo wa kilomita 16 kwa saa, ule unaotikisa majani na vijitawi tu, unaisukuma risasi ya namna hiyo kando zaidi ya nusu mita ikifika mita 600. Kwa mita 100 ni sentimita mbili hivi. Kipimo chenu cha leza kinasoma umbali. Upepo ulioko katikati ya mbuga, pale ambapo hewa ya moto inapanda, hakiuoni. Wewe unaujua upepo wa pale ulipolala tu.

Najua utakachosema, ulishaniambia Krismasi. Kwamba mgeni huyo kwao anapiga sahani za chuma mita 800 kila wiki, na kwamba mtu wa namna hiyo ni afadhali kuliko mzee anayetetemeka kwa mita 80. Ni kweli. Nimeona wageni wakimkosa kongoni aliyesimama kama ng'ombe. Lakini ile sahani haiinui mguu, wala haiendi kufia kichakani. Ukiikosa unapakia risasi nyingine na kunywa chai.

Ngoja nikwambie kinachonisumbua hasa, kwa sababu hiki ndicho nilichokifanya kwa miguu yangu. Mkipiga kwa hatua sabini, mfuata nyayo anajua mnyama alisimama wapi. Anaiona nyasi iliyolala, anaona kwato zilivyochimba aliporuka, anaona nywele zilizokatwa na risasi. Mkipiga kwa mita mia sita, mnaanza kutembea. Dakika kumi kwenye nyasi ndefu, bonde dogo katikati, na mkifika ng'ambo kila mti ni ule mti. Uliyemwacha nyuma akuelekeze kwa mkono naye amepoteza mahali. Damu ya kwanza mnaitafuta nusu saa. Na mgeni ameshaanza kusema kwamba labda alimkosa, kwa kuwa kumkosa ni rahisi kuliko kufuata.

Usikubali neno hilo. Video inaonyesha amejikunja. Mnyama anayejikunja mgongo namna ile amepigwa nyuma, wewe unajua. Kama mliona damu, ilikuwa ya namna gani? Ya mapafu huwa nyepesi yenye povu, na huyo hafiki mbali. Ya ini ni nzito, nyeusi. Ile yenye majani yaliyotafunwa ndani yake, yenye harufu, hiyo ndiyo niliyofuata siku nzima nikiwa kijana, na hata kesho yake, na bwana aliyetuajiri hakuturuhusu kurudi kambini kula. Yeye alikuwa na beji ya chama cha wawindaji bingwa wa Afrika Mashariki, kile kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1934 na kufa pamoja na uwindaji mwaka 1977. Ilikuwa na maneno ya Kilatini, *Nec timor nec temeritas*. Alitueleza maana yake kwa Kiswahili chake kibovu: si woga, si pupa. Wageni wake walitambaa. Matajiri, watu wazima, walitambaa kwa magoti kwenye miiba na upepo ukiwapiga usoni, na akiona umbali ni mkubwa aliwarudisha. Wengine walikasirika, wakaondoka bila kumwachia mtu bahashishi. Sisi tuliokuwa tukingoja bahashishi hiyo tulikasirika pia, sikufichi.

Wamarekani wenyewe wamelisema. Roosevelt, rais wao wa zamani, huyu aliyefika hapa Njoro kwa yule mlowezi Delamere mwaka 1909, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha wawindaji cha kwao, Boone and Crockett, mwaka 1887. Chama hicho kinasema anayempiga mnyama hai ili kujua bunduki yake inafika wapi hawindi. Mwalimu ndiye aliyenitafutia. Basi mgeni akikwambia kwao ndivyo wanavyofanya, unalo la kumjibu, na umjibu kwa heshima.

Babu yako, kule Mau, aliachia mshale akiwa amekaribia kiasi cha kumsikia mnyama akitafuna. Hakuwa na njia nyingine, simsifu kwa hilo. Ila mnyama alikuwa na pua yake, masikio yake na macho yake, na mara nyingi alishinda, na babu akarudi nyumbani na asali tu. Kwa mita mia sita pofu hana kitu. Anapigwa kabla sauti ya bunduki haijamfikia.

Unamkumbuka mzee wa fimbo mbili? Yule aliyekuwa akija kila Krismasi, mama anampa unga na sukari na robo ya mbuzi, nawe ukauliza kama ni ndugu yetu nikakwambia nenda kachote maji. Mwaka 1986, nikiwa askari wa wanyama, tuliitwa kumwondoa nyati aliyekuwa akila mahindi ya watu. Jioni, mvua inakuja, nimechoka. Alikuwa upande wa pili wa bonde, hatua mia tatu au zaidi. Kushuka na kupanda kungechukua nusu saa na giza lingetukuta. Nilipiga. Alianguka mbele, akainuka, akaingia msituni. Nilitazama mpaka ukingo wa msitu nikiwa na tochi, nikarudi. Kwenye daftari la zamu liliandikwa neno "amekosa". Mwandiko ni wangu.

Siku ya nne mzee huyo, ambaye wakati huo hakuwa mzee, aliingia msituni kutafuta ndama wake.

Ndiyo maana sikuuliza mita.

Najua pofu si nyati, hatamvunja mtu nyonga. Lakini msimu huu mtakuwa na nyati kwenye kitalu chenu cha uwindaji, na mgeni aliyefurahia mita 610 atakuomba mita 300 kwa nyati, na atakuwa amelipa maelfu ya dola, na zimebaki siku mbili arudi kwao. Na mkubwa wako atakutazama wewe uliye karibu na bunduki. Hapo utasema nini? Mwambie hapana. Mwambie tusogee. Na asiposogea, ateremshe bunduki. Akilalamika kwa kampuni wakakurudisha nyumbani, njoo. Kitanda chako kipo, sitakusemesha neno hata moja la ualimu.

Na msiniambie kwamba mnyama aliyejeruhiwa anahesabiwa kwenye leseni na mgeni analipa. Najua analipa. Fedha zinakwenda ofisini, na pofu yuko wapi? Wapo vijana wa vijiji vya jirani wanaoingia humo kutafuta asali. Wapo wafuata nyayo wenu, ambao ndio watakaotangulia mbele ya bunduki zote kuingia kichakani, kwa mshahara ninaoujua.

Basi. Mama yako presha yake imeshuka, daktari wa Nakuru amembadilishia dawa, lakini bado anatia chumvi kwenye sukuma nikigeuka. Mwambie wewe, mimi hanisikii. Zile elfu kumi ulizotuma zimenunua mbolea na nguzo sita za ua, iliyobaki nimemwongezea Chepkemoi kwenye karo ya chuo. Anasema atakurudishia, usikubali. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Tangi la maji linavuja kwenye maungio, fundi anataka fedha nyingi, nitalijaribu mwenyewe kesho. Na ule mti wa nyuma ya jiko, uliosema nisiukate, nimeuacha.

Ukifika kambini, kabla ya msimu kufunguliwa, mtafute yule mfuata nyayo mkubwa. Usimtafute mwindaji, mtafute yeye. Kaa naye jioni umuulize angependa wageni wapige kwa umbali gani. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Mimi katika miaka ile yote hakuna aliyeniuliza.

Na unijibu. Usiniandikie mengi. Kama mlimpata, niambie ilikuwa saa ngapi na risasi iliingia wapi. Kama hamkumpata, niambie mlifuata mpaka wapi na nani aliyesema turudi. Hata kama ni wewe, niandikie. Sitakukasirikia, au nitakasirika siku moja iishe.

Suruali zako za kaki zimo kwenye begi la bluu. Mama amezishona magotini, vitambaa viwili viwili, nilimwambia afanye hivyo.

Baba yako