Wapiga video wa Jumamosi, tuiokoe sauti
Jamani wote mtakaoshika kamera Jumamosi bendi ikipiga someni hii mpaka mwisho. Mara iliyopita picha zilitoka safi kabisa ila sauti inakwaruza mwanzo mwisho, na ikishakwaruza vile imekwenda, hakuna programu ya kuirudisha ikawa kama ilivyopigwa. Kwa hiyo ingieni kwenye menyu mzime levo ya otomatiki (ile kamera inajipangia yenyewe ukubwa wa sauti), maana besi ikipiga tu kamera inashusha kila kitu halafu ikitulia inapandisha, unasikia muziki unapumua pumua. Wekeni wenyewe kwa mkono, bendi ikipiga kwa nguvu zote vile vijiti vya kuonyesha sauti kwenye skrini vicheze kwenye -12 dB hivi, visiguse 0 kabisa. Anayechukua waya kutoka kwa miksa aangalie swichi ya kuingizia sauti iko LINE (ya sauti kubwa ya miksa) sio MIC (ya maiki), hapo ndo tuliharibu. Na tafadhali msikae mbele ya spika, rudini nyuma karibu na fundi mitambo, pale muziki unasikika umechanganyika vizuri. Tukutane mapema tupime wakati wanajaribu vyombo, ila acheni nafasi kidogo juu ya vile vijiti coz watu wakishajaa bendi huwa inapiga kwa nguvu zaidi.