Ziwa lipo, njia ya kulifikia ndio hatuonyeshwi

Mhariri,

Salamu toka Nyegezi, Mwanza. Naandika kuhusu haya maneno ya vijiweni kwamba siku hizi Mwanza–Bukoba ni kuteleza tu, maana tangu Rais Samia afungue Daraja la Magufuli tarehe 19 Juni 2025 hakuna tena kukaa foleni ya kivuko pale Kigongo unatafuna mahindi ya kuchoma na kuangalia saa. Kweli kabisa sikatai, kilomita 3 na ushee unazimaliza kabla wimbo haujaisha redioni. Ila mimi Desemba nina wageni, dada yangu na shemeji na watoto wao toka Dodoma, na wale watoto Ziwa Victoria wamelionea kwenye tivii tu, sasa wameshanitangazia kwamba mjomba wewe ndio utapanga safari ya gari, tuzunguke ziwa mpaka tuchoke.

Haya, nimeshika kalamu na daftari kupanga, na kuna kitu kinanikera ambacho sijaona mtu anakiandika gazetini. Barabara zetu kuu zinalikwepa ziwa. Ukishavuka daraja ukatokea Busisi unaingia Sengerema, unakuja Geita, unakuja Katoro, ni maduka, bodaboda, matuta, lori za mizigo, na ziwa liko huko kulia kwako muda wote na hulioni! Mtu anaweza kuendesha siku nzima pembeni ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, akarudi kwake picha alizonazo kwenye simu ni migomba na sheli.

Mnakumbuka ule usemi wa michepuko sio dili, baki njia kuu? Kwa safari ya ziwa ni kinyume chake, ukibaki njia kuu umeliwa. Raha yote iko kwenye michepuko, yaani zile njia panda ndogo zinazoshuka mwaloni wanakoshusha samaki, na huko ndiko wasafiri hawafiki kwa sababu hakuna kibao, na kama kipo kimeandikwa jina la shule ya msingi na kanisa basi.

Chukulia hiyo hiyo ya Bukoba. Wengi wakipita Buseresere wanakimbilia Bwanga na Biharamulo kwa mazoea. Mimi wageni wangu nitawapitisha Chato, Buzirayombo, tunatokea Kyamyorwa halafu Muleba, ni lami na uko karibu na maji zaidi. Na upande huo wa Chato kuna mchepuko wa Muganza kwenda Kasenda ambako ndiko boti za kwenda Rubondo zinaanzia. Rubondo jamani! Hifadhi ya taifa tangu 1977, kisiwa cha msitu, kuna sokwe ambao wazee wao waliletwa miaka ya 1960 toka bustani za wanyama za Ulaya wakaachiwa porini na wakazaliana, kuna tembo, kuna nzohe wale swala wa kwenye matete, na ndege wa kila aina. Waulize watu kumi hapa stendi ya Nyegezi kama wameshafika Rubondo uone watakavyokuangalia. Kiingilio kwa sisi raia sio cha kutisha, kinachouma ni boti, kwa hiyo nendeni wengi mchangishane na muwapigie TANAPA, wale wa hifadhi za taifa, mapema, sio mnatokea ufukweni na mabegi mnasema tumefika.

Toka Muleba mpaka Kemondo na kuingia Bukoba hapo sina lawama, vilima na migomba vimekaa vizuri na ukianza kuteremkia mjini ziwa linajifungua lote mbele ya kioo. Sasa hapa nawapa siri ya kupanga ambayo haihitaji hata hela. Bukoba iko magharibi ya ziwa kwa hiyo jua linachomoza majini, huku Mwanza sisi linazama majini. Ukilala Bukoba amka alfajiri utoke ufukweni, ukirudi Mwanza panga uwe Capri Point au Igombe jioni. Watu wanafanya kinyume, Bukoba wanaenda ufukweni saa kumi na mbili jioni halafu wanasema mbona jua halionekani limejificha mlimani.

Upande wa Musoma nao ni hivyo hivyo. Kisesa tu hapo, bado hata gari halijapata moto, kuna Makumbusho ya Wasukuma Bujora, ngoma, zana za watemi, nyumba za asili, na magari mangapi yanapita kila siku hayakati kona. Kuna Kageye upande wa Magu, mahali ambapo Stanley, yule mpelelezi wa Kizungu, aliteremsha mashua yake Lady Alice mwaka 1875 akaenda kulizunguka ziwa zima, yaani mtu wa kwanza kuliandikia safari ya kulizunguka ziwa letu alianzia hapa kwetu na sisi wenyewe tunapapita na mabasi. Ukifika Lamadi punguza mwendo, Serengeti imekuja mpaka karibu na barabara na kuna geti la Ndabaka, na kuanzia Mei hivi mpaka Julai nyumbu wanasogea upande huo wa magharibi. Desemba hawapo, nimeshawaambia watoto wasije wakanilaumu. Bunda unakata kushoto mpaka Kisorya, unavuka na kivuko kwenda Rugezi kisiwani Ukerewe, Nansio hiyo, na ukiwa na siku ya ziada kuna mtumbwi na kivuko cha kwenda Ukara kuliona lile jiwe linalocheza. Vivuko vina ratiba na mwisho wa siku vinafunga, kwa hiyo hapo usipange kwa kilomita, panga kwa saa ya kivuko na usogeze mengine yote.

Najua kuna watakaosema si mpande meli. Meli ni nzuri na watoto wangeipenda, lakini dada yangu hapandi. Watu wa rika letu tangu ile Mei 1996 MV Bukoba ilipozama, na juzi tena 2018 MV Nyerere kule Ukara, kuna ambao hawataki hata kuongelea, na huwezi kumlazimisha mtu kwenye likizo. Kivuko cha Kisorya chenyewe namshawishi taratibu.

Mambo mengine nayapitia haraka. Vijijini ni 50 na trafiki na tochi wapo, usiku ng'ombe wanavuka bila kuuliza kwa hiyo saa kumi na mbili uwe umeshapata gesti. Beba keshi kwa ajili ya mwaloni. Watoto wasiogelee kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kichocho kipo na si cha mchezo, na sehemu nyingine mamba na viboko wapo, waulize wavuvi kwanza. Na chakula usihangaike na hoteli, nenda mwaloni asubuhi mitumbwi ikirudi ununue sato bado anapiga mkia, mama ntilie wa hapo hapo anakuchemshia kwa limao na nyanya, ugali wa muhogo pembeni. Sangara wazuri wanaenda kiwandani kukatwa minofu ya nje ya nchi lakini sato wa mwaloni hajatuacha.

Sasa ombi langu. Nasikia kwenye vikao watu wanaongelea mahoteli makubwa ya ufukweni, wawekezaji, sijui fukwe za kisasa. Sawa, waje. Lakini sheria yetu ya mazingira ya 2004 imeshakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka kwenye maji, na ziwa lenyewe lilikumbusha watu mwaka 2020 na tena 2024 lilipojaa likaingia kwenye nyumba na mabanda ya waliojenga mdomoni kabisa. Msafiri wa gari dogo hahitaji ghorofa majini. Anahitaji kibao barabarani kinachosema ziwa liko kilomita kadhaa huku, mwalo fulani, gari dogo linapita au halipiti mvua ikinyesha. Anahitaji sehemu ya kupaki pembeni pale ziwa linapoonekana, maana sasa hivi watu wanasimama kwenye kona wakipiga selfi na lori linakuja nyuma, na hata pale darajani kila anayevuka mara ya kwanza anatamani kusimama, tengeni basi eneo zuri upande wa Kigongo na lingine Busisi, watu wapaki, wapige picha zao, wanunue samaki kwa wale akina mama waliokuwa wakiuza kwenye foleni ya kivuko na sasa wateja wao wanapita mwendo wa 80. Na choo. Choo kisafi cha kulipia, hata elfu moja nitatoa bila kunung'unika, mwenye watoto wadogo kwenye gari ananielewa.

Vibao hivi halmashauri za Ilemela, Magu, Sengerema, Chato, Muleba zinaweza kuchora wiki hii hii, mafundi wa rangi wapo kila kona. Wageni wangu wanafika wiki ya pili ya Desemba. Mkiwahi kuweka hata kile cha njia panda ya Kasenda mtakuwa mmenipunguzia kushusha kioo kila baada ya kilomita mbili kuuliza bodaboda.

Wabheja sana,
Mjomba wa Nyegezi, Mwanza