Wale ndege weupe uliokuwa ukiniuliza

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku Wete hatujambo sote, hofu ni juu yako uliye mbali huko Maskati. Presha ya mjomba wako imeshuka. Upande wa jikoni umeshaezekwa kwa zile pesa ulizotuma, na mvua za masika bado hazijaanza, alhamdulillahi.

Leo barua itakuwa ndefu kwa sababu nina deni lako. Ulikuwa na miaka saba, ukinifuata kwenye mwani kule Micheweni na ndoo yako ya buluu. Kila masika yakikaribia ulikuwa ukiniuliza, "Mama, wale ndege weupe wanakwenda wapi?" Mimi mgongo unaniuma, maji yanarudi, kamba hazijesha kufungwa, nakujibu, "Shika ndoo vizuri." Ukauliza mwaka ule, ukauliza mwaka wa pili, kisha ukaacha. Kunyamaza kwako ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Basi Jumamosi iliyopita nilitoka na mjomba wako, na mtoto wa shangazi yako, yule anayetembeza wageni msituni Ngezi. Ile darubini uliyonitumia nimeivaa shingoni. Gari ilituharibikia njiani kabla ya Konde, tukafika Ngezi alasiri imeshaingia. Si neno, maana saa ile ndiyo ndege wanapotulia. Mle ndani kuna baridi na giza, mipapindi imesimama kama nguzo za msikiti, na juu kabisa ninga wanakula matunda, kijani ndani ya kijani, huwaoni mpaka tawi litikisike. Nilikuwa sijui, mwanangu, kwamba ninga wetu huyu hayupo popote duniani isipokuwa Pemba. Wako wanne wa namna hiyo: ninga, chozi mwenye kifua cha zambarau, yule mdogo wa manjano mwenye duara jeupe jichoni, na bundi.

Bundi tulimngojea mpaka baada ya sala ya magharibi. Unajua tulivyolelewa, bundi akilia juu ya paa watu huanza kuhesabu wagonjwa. Huyu wa Ngezi analia neno moja tu, "hu", ananyamaza, kisha "hu" tena. Mwenzake akamjibu kutoka ng'ambo ya njia. Nilikaa pale gizani nikaona aibu, kwa sababu huyu kiumbe anakula panzi na wadudu, hajamdhuru mtu, na bado watoto wanampiga mawe. Nikija kuona mtoto anaokota jiwe nitamshika mkono.

Usiku tukalala Micheweni, nyumba ya marehemu bibi yako. Alfajiri baada ya sala tukashuka pwani, palepale petu. Maji yalikuwa ya bamvua na yameanza kukupwa. Upepo wa kaskazi umeshalegea, bahari imelala kama mafuta. Kwenye fungu la mchanga wale ndege weupe walikuwa wamesimama, wote uso wameuelekeza kwenye upepo.

Nilikuwa nimewaona maisha yangu yote na sikuwa nimewaangalia hata siku moja. Mwili mweupe pepe, na mgongoni weusi kama mtu aliyejitupia ushungi mabegani. Mdomo mnene, mweusi, haufanani kabisa na ile myembamba ya vitwitwi. Miguu mirefu ya rangi ya majivu yenye ubuluu. Maji yalipozidi kutoka wakaanza kushuka mmojammoja, na mmoja akaja mpaka hatua kama 30 kutoka nilipokaa. Akatembea hatua tatu, akasimama kimya kama anasikiliza. Mara akakimbia, akadunga mchanga, akatoka na kaa anapigapiga magando. Akamtikisa mpaka miguu ikakatika. Nilidhani atammeza.

Nyuma yake alikuja mwengine, mkubwa sawasawa na yeye, ila mgongo wake ni wa kijivu. Shingo kaiinamisha, analia kwa kamluzi kembamba. Yule wa kwanza akamwachia kaa mbele yake, akarudi kutafuta mwengine.

Nikamuuliza mtoto wa shangazi yako, akanieleza. Kwa Kizungu wanaitwa "crab plover". Yule wa kijivu ni mtoto wa mwaka jana. Hawa huzaa huko kwenu, kwenye visiwa na pwani za mchanga za Arabuni, na wengine Somalia. Huchimba shimo refu mchangani kama kaa wenyewe, na mama hutaga yai moja jeupe humo. Ndege wengine wa pwani wa jamaa zao hutaga juu ya ardhi, hawa peke yao ndio wenye kuchimba, na joto la mchanga linawasaidia kulilea yai. Kisha mtoto akikua hufuatana na wazazi wake kuvuka bahari yote ile mpaka huku. Ameshavuka bahari, ana mbawa kamili, lakini kumkamata kaa bado hajawa hodari, kwa hiyo hulishwa miezi na miezi.

Nilikumbuka mwaka wako wa kwanza huko, uliponipigia simu usiku wa manane kuniuliza pweza anapigwa kabla ya kupikwa au baada.

Basi jawabu ndiyo hiyo. Masika yakianza wanakwenda Arabuni kuzaa. Wale sululu wenye mdomo uliopinda wanakwenda mbali zaidi, mpaka kaskazini kabisa ya Urusi. Na ndege wa aina nyingine pale ufukweni niliwaona wameshaanza kubadili nguo za safari, matumbo yaliyokuwa meupe yana madoadoa meusi, na wengine vifua vinageuka vyekundu kama tofali. Wanakula bila kupumzika, kwa sababu mafuta watakayoondoka nayo ndiyo chakula chao cha njiani. Kwa hiyo akina mama wa mwani tulikubaliana, mbwa wasishuke pwani asubuhi, na watoto wasiwafukuze fungani. Ndege akirushwa kila saa anachoma mafuta yake bure.

Umesema utakuja Julai. Ukija Julai nitafurahi, lakini fungu litakuwa karibu tupu. Watabaki wadogo tu, wale ambao mwaka wao wa kwanza hawaendi. Waombe wakubwa wako wa kazi wakupe Januari. Nataka tukae pale pamoja, wewe ndoo uiache nyumbani.

Na ukipata siku mbili za mapumziko, watu wanasema upande wa kisiwa cha Masirah wanaonekana. Nenda maji yakiwa makavu, ukae mbali. Ukikuta mashimo mchangani usiyakanyage. Angalia kama yuko mmoja anayemwachia mwenzake kaa, unieleze.

Kamba ya darubini ilikatika tukirudi, nimeifunga kwa kamba ya mwani, inashika. Kila Jumapili nitashuka nikawahesabu mpaka aondoke wa mwisho, na hesabu nitakuletea. Jumapili hii walikuwa 41.

Wassalam,
Mimi mama yako,
Wete, Pemba