Sanduku la babu ni fildi tosha kwa wanafunzi wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, nina jambo limenikaa kooni toka mwaka jana na naona nikizidi kunyamaza litapita hivi hivi.

Binti yangu anasoma historia chuo, yuko mwaka wa pili. Fildi, yaani mafunzo ya vitendo, alipangiwa ofisi moja hapa hapa Tanga mjini, wiki 8. Mhariri, wiki 8 mtoto anatoa fotokopi, anapanga mafaili, anatumwa chai na vitumbua, jioni akirudi Ngamiani ananiambia mama leo tena sijafanya kitu. Logibuku inajazwa, muhuri unagongwa, mwalimu wake wa chuo alikuja siku moja akakaa nusu saa akaondoka. Wale wa ofisini siwalaumu sana maana na wao hakuna aliyewaambia mtoto wa historia apewe kazi gani. Wenzie wa kompyuta na uhasibu wanapokelewa kwa mikono miwili, wa historia, Kiswahili na sosiolojia wanaonekana wamekuja kujaza viti, na sasa ilivyokuja hii akili mnemba ndo kabisa, watu wanawaambia nyie mmekwisha.

Mimi nasema hao ndo wanaohitajika sasa kuliko wakati wowote, na nasema kwa nilichokiona sebuleni kwangu.

Marehemu babu wa binti yangu alituachia sanduku la mbao, ndani mna barua na madaftari ya biashara, karibu yote kwa herufi za Kiarabu. Miaka yote tulidhani ni Kiarabu, mambo ya dini, tukaviheshimu tukavifungia. Kumbe ni Kiswahili chetu cha Mrima kabisa! Wazee wa pwani ndivyo walivyokuwa wakiandika kabla shule za Wajerumani hazijaleta hizi a be che, hata mshairi Hemedi bin Abdallah wa huku kwetu utenzi wake wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, aliuandika kwa herufi hizo hizo. Basi fildi ilipoisha binti akabakiwa na wiki 3 za likizo, akaanza kupiga picha karatasi moja moja kwa simu, anaziweka dirishani asubuhi jua halijawa kali, kivuli cha mkono kisiingie, halafu anazipitisha kwenye programu ya kusoma mwandiko.

Barua moja programu ikatoa kwamba mwandishi amepokea "bibi". Tukashangaa bibi gani huyo anayepokewa kama mzigo. Tukampelekea mzee mmoja jirani yetu aliyesomesha madrasa miaka mingi, akavaa miwani, akaisogeza karatasi mlangoni, akasema wajukuu zangu hii si bibi, hii ni pembe, tazameni mbele kaandika mbili na chini kaweka uzito kwa frasila. Pembe za ndovu! Akatueleza kwamba waandishi wengi wa zamani pe walikuwa wakiiandika kwa ba ile ile, sauti ya e na ya i alama yake moja, na ile m ya katikati wanaiacha, msomaji mwenyewe atajua. Kwa hiyo pembe na bibi kwenye karatasi ni kitu kimoja, anayejua tofauti ni mtu anayejua biashara ya wakati ule na Kiswahili cha wakati ule.

Hapo ndo nikaelewa kazi yenyewe ilivyo. Programu kama Transkribus, ilianzia Chuo Kikuu cha Innsbruck kule Austria, unaifundisha, unaipa kurasa zilizosahihishwa na mtu, inauzoea ule mwandiko, kurasa zinazofuata inakosea kidogo. Bila mzee wa kusahihisha mashine itakuandikia bibi mpaka kesho. Na bila kijana wa kukaa na mzee, kuuliza, kuandika pembeni kwa nini hili neno limesomwa hivi, ule ujuzi unaenda nao kaburini. Binti na mzee walisahihisha kurasa 11 tu likizo ikaisha.

Na msidhani nazungumzia mambo ya ndoto. Kule Herculaneum, Italia, kuna hati za mafunjo ziliungua volkano ilipolipuka mwaka 79, zimekuwa kama makaa, ukizifungua zinasagika. Oktoba 2023 ikatangazwa kwamba mwanafunzi wa Marekani, Luke Farritor, amesoma neno la kwanza ndani ya hati ambayo haijafunguliwa, kwa picha za eksirei na akili mnemba. Neno lenyewe ni la Kigiriki, maana yake zambarau. Februari 2024 yeye na wenzie wawili, mmoja ni Mmisri, Youssef Nader, wakapata zawadi ya dola 700,000 kwa kusoma safu kadhaa za maandishi ya ndani. Wanafunzi hao! Na wataalamu wa Kigiriki cha kale ndo waliokaa kuthibitisha kilichosomeka, kama mzee wetu na miwani yake.

Sisi karatasi zetu hazijaungua, zinaliwa na mchwa tu, tena tunawaangalia. Na si barua peke yake, kuna magazeti kama Kiongozi lililokuwa likitoka hapa hapa Tanga enzi za Mjerumani, kuna wazee wa mashamba ya mkonge wenye kumbukumbu za kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, na kazi za mkataba, warekodiwe, mashine iandike, mwanafunzi asikilize tena arekebishe, maana mzee akichanganya Kiswahili na Kibondei au Kisambaa mashine inapotea njia kabisa.

Jambo moja naliwekea mkazo. Kwenye barua hizi mna madeni, talaka, na majina ya watu waliokuwa watumwa, na wajukuu zao wapo tunasali nao msikiti mmoja. Mwanafunzi asichukue picha akazirusha kwenye kila programu ya bure anayoikuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo toka 2022, lakini hata bila sheria, familia ikisema hii hapana basi ni hapana.

Kwa hiyo vyuo naviomba, mnapopanga fildi za mwaka huu msitupe watoto wa historia na Kiswahili kwenye ofisi yoyote yenye kiti. Waleteni wawili wawili, mmoja wa historia mmoja wa kompyuta, mzee wa kusoma naye alipwe posho kama mkufunzi, si kupewa asante na soda. Gharama ni kompyuta mpakato moja, bando na nauli.

Mimi nimeshatoa chumba cha uani, kina meza ndefu, umeme na feni. Mzee amekubali kukaa kila Alhamisi baada ya alasiri, ana miaka 81 na jicho la kushoto limeanza kumsumbua. Sanduku lipo, tumefika kurasa 11, na bado hatujafungua bunda la chini.

Mama wa mwanafunzi,
Ngamiani, Tanga