Papa, soma kwanza kabla ya kuirusha

Lubumbashi, mwezi wa nane

Papa, mwanangu,

Dereva aliyekuletea barua hii ana katoni ndogo iliyofungwa kwa skochi nyeusi. Ndani mna ile ndeke uliyoniomba tangu Pasaka, helikopta ndogo ya kuchezea ya rimoti. Usiifungue mbele ya watoto wote wa lupango. Ingia nayo chumbani kwa nkambo, mzee wetu, ukae, usome haya yote, kwa sababu siku utakayoirusha mimi nitakuwa huku, kilomita 300 kutoka Kolwezi, na sitaweza kukushika mkono.

Niliinunua sokoni kwa dola 18. Kulikuwa na ya dola 10 pia, lakini ile hupanda, hushuka na kugeuka tu. Ukiitaka iende mbele haikusikii. Muuzaji hakupenda nifungue katoni. Nikamwambia kazi yangu ni kutengeneza simu, na betri ikilala dukani mwaka mzima bila chaji hufia humo humo. Ya kwanza haikuwaka. Ya pili ikawasha taa, nikailipia.

Sasa nikuambie ukweli: haijafika kwako ikiwa mpya kabisa. Nilitaka niijue mwenyewe kabla ya kukuandikia, nikaitoa uani Jumapili mchana. Upepo wa mwezi wa nane unaujua, nayo uzito wake haufiki gramu 50. Ilipanda vizuri, ikachukuliwa, nikavuta kifimbo, haikunitii, ikajigonga kwenye ukuta wa matofali na panga lake moja linalozunguka likakatika. Nilisikitika sana, maana ilikuwa yako. Kesho yake nilirudi kwa muuzaji, akaniuzia panga la ile iliyokataa kuwaka. Ndiyo maana utaona moja jekundu na mengine meusi. Nisamehe kwa hilo.

Lakini ndipo nilipoelewa. Rimoti hii haitumii redio. Inatumia mwanga, kama rimoti ya televisheni, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Chukua simu ya yaya wako, uwashe kamera ya mbele, uielekeze kwenye pua ya rimoti huku ukisukuma kifimbo: utaona nukta inametameta. Jua nalo limejaa mwanga wa aina hiyo. Ukiirusha nje mchana, jicho la helikopta linazama ndani ya jua na halioni tena rimoti yako. Basi irushe ndani ya nyumba, pazia limefungwa, viti vimesogezwa kando. Na mdogo wako akae nyuma yako, nywele zake zimefungwa. Mapanga ni ya plastiki, lakini jicho ni jicho.

Mimi nilijifunza usiku tatu, nikishafunga kibanda. Mkono wako utataka kusukuma kifimbo chote kwa mara moja, itapiga dari. Sukuma kidogo kidogo mpaka miguu iache sakafu, halafu usiogope kuiinua hadi usawa wa kiuno. Chini kabisa inayumba, kwa sababu hewa inayoisukuma inagonga sakafu na kuirudia. Ikiwa inazunguka yenyewe upande mmoja, kuna kitufe cha kuisawazisha. Bonyeza upande wa pili, taratibu, hadi itulie. Na ukiona inakwenda ukutani, achia kifimbo kabisa. Najua moyo utakwambia uipandishe. Achia. Ikianguka mapanga yamesimama haiumii sana. Ikigonga huku yanazunguka, ndivyo nilivyolivunja lile panga.

Kuhusu betri naomba unisikilize kama fundi. Inajaa kwa dakika 40 hivi na kuruka dakika 7. Ikishuka ni ya moto. Iache ipoe ndipo uichaji. Ichaji juu ya sementi, kamwe si kitandani, na usilale ikiwa kwenye umeme hata kama umeme umerudi saa sita za usiku. Nimeletewa simu ambazo betri zimevimba kama maandazi, na moja iliwaka moto mezani kwangu. Sikukusimulia siku ile.

Nilipoishika betri hiyo niliwaza Kolwezi yenu. Nyingi za namna hii zina kobalti, madini yanayochimbwa huko kwenu, ingawa katika ndogo kama hii haifiki gramu moja. Yale malori unayoyahesabu ukitoka shule hupita hapa kwetu, yakashika njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mzigo ukaishia Uchina. Inaniuma kwamba betri hizi hatuzitengenezi sisi. Ndiyo maana sikukatazi kuifungua helikopta siku itakapokufa. Ifungue. Tumia bisibisi ndogo niliyoiweka chini ya katoni.

Uliniuliza kwa nini ina mapanga ya juu na ya chini. Unakumbuka ile kamba ya kwenye mwembe wa nkambo? Ukining'inia na kuzungusha mikono kulia, kiuno kinakwenda kushoto. Mapanga yakizunguka upande mmoja, mwili wa helikopta unataka kwenda upande wa pili. Zile kubwa huzuiwa na kapanga ka mkiani. Yako ina jozi mbili zinazozunguka kinyume, moja inaifuta nyingine. Ka mkiani ni ka kwenda mbele na nyuma tu.

Iko nyingine iliyokuwa na jozi mbili hivyo: Ingenuity, ambayo Wamarekani waliirusha kwenye sayari ya Mirihi tarehe 19 Aprili 2021. Ilikuwa na kilo 1.8. Hakuna aliyeishika kwa rimoti, maana ni mbali mno. Waliiandikia maagizo yote mapema, wakayatuma, wakakaa saa kadhaa kungoja habari. Siku hiyo ilipanda mita 3, ikakaa hewani sekunde 39, ikatua. Baadaye ilifikisha safari 72, lakini siku ya kwanza hawakuidai zaidi. Nawe siku ya kwanza panda, hesabu hadi 39, tua.

Msalimie nkambo, mwambie dawa zake ziko kwenye mfuko wa bluu. Jumapili jioni nitakuwa kibandani peke yangu. Nipigie, usiseme kitu, weka simu sakafuni karibu nayo, nisikie mapanga.

Baba yako