Salamu za Pasaka: Kesho ya Farao

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu, jamaa na marafiki wapendwa, nawasalimu kwa furaha ya Pasaka popote mlipo, ninyi mliokesha usiku wa jana na mishumaa mikononi, na ninyi ambao kazi au ugonjwa uliwazuia kufika kanisani. Kristo amefufuka. Aleluya tuliyoiweka kando tangu Jumatano ya Majivu imerudi vinywani mwetu, na harufu ya pilau imeanza kutoka majikoni.

Katika siku 40 za Kwaresima nimeirudia mara nyingi sura ya 8 ya kitabu cha Kutoka, na nimekwama mahali ambapo zamani nilikuwa nikipapita upesi. Vyura wamejaa Misri, wameingia vyumbani, vitandani, hata kwenye vyombo vya kukandia unga. Farao anamwita Musa amwombee kwa Bwana, na Musa anamwachia achague mwenyewe siku ya kuondolewa kwa vyura hao. Mtu aliyelala na vyura kitandani ungetegemea aseme "sasa hivi". Farao akajibu, "Kesho." Vyura wakafa, wakakusanywa chungu chungu, nchi ikanuka, na hapo, alipoona amepata nafuu, ndipo akaufanya moyo wake kuwa mzito. Dhiki ilikuwa imemlainisha hata akaomba kuombewa, lakini nafuu ilimrudisha palepale alipokuwa.

Kwa sababu hiyo mimi huiogopa kidogo Jumatatu ya Pasaka. Kwaresima ina mfungo, ina Njia ya Msalaba, ina foleni ya kitubio inayotukumbusha sisi ni nani. Ikishapita tunapumua, na aliyeacha pombe anahesabu saa, na waliopatana katika Juma Kuu wanaanza tena kununiana. Moyo hauwi mgumu kwa usiku mmoja. Mkulima anajua kwamba siku za kwanza za kushika jembe kiganja hutoka malengelenge na kuuma, kisha huota sugu, na sugu haina maumivu. Mwenye mkono hudhani amezoea kazi, kumbe ngozi ya pale imekufa. Dhambi nayo huuma mara ya kwanza, na wengi wetu (najihesabu humo) tumeshukuru ilipoacha kuuma.

Usiku wa kukamatwa kwa Bwana walianguka wanafunzi wawili. Yuda alijuta, akarudisha vile vipande 30 vya fedha na kukiri kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia, ila majuto yake aliyapeleka kwa makuhani, nao wakamwambia kwamba hayo ni yake mwenyewe. Petro alilia kwa uchungu jogoo alipowika, lakini hakujitenga na wenzake, na asubuhi ile ziwani, aliposikia kwamba aliyesimama ufuoni ni Bwana, alijitupa majini bila kungoja mashua ifike. Ufuoni palikuwa na moto wa makaa, kama ule aliokuwa akiota uani kwa kuhani mkuu alipokana, na hapo akaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana. Swali la tatu lilimhuzunisha. Natamani mno huzuni ile, kwa maana moyo unaoweza kuhuzunishwa na swali la upole bado haujaota sugu.

Mimi nami nina "kesho" yangu. Mdogo wangu na mimi hatujasemezana tangu mavuno ya mwaka juzi kwa ajili ya mpaka wa shamba tuliloachiwa na marehemu baba, na kila Kwaresima nimeahidi kwenda kwake, nikaona afadhali nisubiri mvua zipite, kisha nisubiri ada za watoto zilipwe. Mniwie radhi basi nisipopokea simu zenu alasiri ya leo. Nitakuwa njiani kwenda kwake, na mama watoto amekwisha kunifungia pilau ya watu wawili.

Nawatakia Pasaka njema ninyi na nyumba zenu.